Ndoo ya Juisi na Kufuli la Darasa la Kwanza

Naanza na aibu yenyewe, ili asije mtu akasema nimeificha. Mimi ndiye yule mama aliyemmwagia mgeni ndoo nzima ya juisi ya ndizi mbele ya shule, nikavunja komeo la darasa la kwanza kwa jembe la mtu, na nikaita kijiji kizima kije na mapanga kuzima moto ambao walimu wenyewe walikuwa wameuwasha kwa makusudi. Mkisikia sokoni inasimuliwa kwamba nilikuwa nusu uchi, hapo mtakuwa mmeongezewa chumvi, nilikuwa na kitenge, ila kilikuwa kimoja tu na nilikuwa nimekishika kwa meno.

Kijiji sikitaji. Kiko huku Keza, na wanaokijua watakijua. Mimi nimekuja kuolewa tu, kwetu ni Biharamulo, na nilikuja na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya plastiki, na hicho cheti (nakiri leo, nilikuwa sijawahi kukiri) ndicho kilichonipa kiburi. Upande wetu wa kilima wanawake wengi waliishia la nne, wengine hawakukaa kabisa kwenye dawati, kwa hiyo karatasi yoyote inayoingia, ya shule, ya zahanati, ya ushirika wa kahawa, inaletwa kwangu. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya mwalimu. Mtu ananiletea karatasi na ndizi mbivu mbili juu yake kama shukrani, na mimi napokea kana kwamba nimeshinda uchaguzi.

Sasa Jumatatu moja ya kiangazi mwanangu Adventina, ambaye yuko darasa la kwanza, alirudi na barua. Nilikuwa jikoni nagombana na kuni mbichi za mkaratusi, moshi umenijaa machoni, maharage hayajaanza hata kuchemka na baba yake anarudi saa yoyote na pikipiki yake na njaa yake. Nikaitazama ile barua kwa jicho moja. Juu imeandikwa YAH: USHIRIKI WA WAZAZI. Nikajisemea, aa, michango. Barua za shule nazijua, zinaanza na ushiriki na zinaishia mfukoni mwako. Chini kulikuwa na kipande cha kukata chenye maneno "Mimi mzazi wa (nukta nukta nukta) nimesoma na nimeelewa", na mahali pa kuweka sahihi. Nikakikata, nikaweka sahihi yangu ile yenye mkia mrefu niliyojifunza sekondari, nikamwambia Adventina akitie ndani ya daftari. Kile kipande kikubwa kilichobaki nikakikunja nikakiingiza chini ya kuni.

Kilishika moto mara moja. Ilikuwa karatasi nzuri sana.

Hata maharage hayajaiva, Mama Fideli akaingia na yake. Huyu ni jirani yangu wa karibu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu, na mwanawe Fideli anakaa dawati moja na Adventina. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mama Adventina, nisomee hii."

"Ni yaleyale."

"Yaleyale yapi?"

"Michango, dada. Weka dole hapo chini wapelekee, wasije wakamrudisha mtoto nyumbani."

"Hawajasema ni lini?"

"Watasema. Lini wamewahi kusahau?"

Akacheka, akapaka dole gumba masizi ya chungu changu, akaligandamiza. Kabla giza halijaingia walikuwa wamekuja wengine wanne wa upande wetu na wote niliwaambia hivyohivyo, wa mwisho hata sikuichukua ile karatasi mikononi, nilimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka dole. Nimelifikiria sana lile tendo la kidevu. Ningetumia dakika mbili tu, dakika mbili za kusoma mistari minane, na haya yote yasingekuwepo.

Alhamisi tulikuwa uani mimi na mama mkwe tunakamua ndizi. Mtoto wa shemeji alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili, na huku kwetu huwezi kuwaalika watu ukawapa maji. Mama mkwe alikuwa anakanda ndizi na majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, mimi nachuja na kujaza ndoo. Akainua uso akatazama ng'ambo ya bonde.

"Ule moshi ni wa wapi?"

"Mtu anachoma shamba, mama."

"Anachoma shamba gani linalotoa moshi mweusi?"

Nikageuka. Shule iko juu ya kilima cha pili, ukiwa kwetu unaona mabati yake na mti mmoja. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya mabati, mzito, mweusi kama wa tairi, na upepo wa kiangazi ulikuwa unaulaza upande wa kushoto. Upande wa kushoto ndiko liliko darasa la kwanza.

Sasa niwaeleze wale wasio wa huku. Tuna kitu kinaitwa induru. Mtu akipatwa na moto, mwizi, mamba, chochote kinachomzidi nguvu, anapiga yowe huku akipigapiga mdomo kwa kiganja, na ukiisikia huruhusiwi kuuliza. Unatupa ulichoshika unachukua ulichonacho unakimbia, na wewe njiani unaipokea, unaipiga, na wa mbele yako anaipokea. Asiyekuja bila sababu anaitwa kwenye kikao. Hakuna gari la zimamoto linaloweza kufika hapa kabla majivu hayajapoa, barabara yenyewe mnaijua, kwa hiyo zimamoto yetu ni hiyo, ni koo za watu na miguu ya watu. Kwa sababu hiyo haichezewi. Watoto wakicheza kwa induru wanachapwa. Mimi tangu niolewe sijawahi kuipiga, nilikuwa naogopa hata kuijaribu.

Siku ile niliipiga. Sijui ilitoka wapi. Mama mkwe anasema hata kuku waliingia ndani. Nikanyakua ndoo (zilikuwepo mbili, moja ya maji na moja ya juisi, na hapo tayari mmeshaelewa) nikaanza kuteremka bondeni, nyuma yangu naisikia induru inapokewa nyumba kwa nyumba, kilima hiki, kilima kile, mpaka nywele zikanisimama, maana ni kitu kikubwa kuita halafu ukasikia dunia inakuitikia.

Mama Fideli alikuwa shambani kwake kando ya njia. Hakuuliza. Alitazama moshi, akanitazama mimi, akaanza kukimbia na lile tumbo lake, jembe begani. Nilipompita akaninyooshea jembe.

"Chukua wewe una mbio. Fideli yuko humo."

Nikalichukua. Kwenye mawe ya kuvukia kijito nilisikia kishindo nyuma yangu na sauti yake, lakini sikugeuka. Hilo nalo nalisema wazi, sikugeuka. Nilikuwa na mtoto wangu kichwani, hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Njia ya kwetu inakufikisha shuleni kwa nyuma. Ukitokea huko huoni uwanja, unaona ukuta wa nyuma wa darasa la kwanza na madirisha yake yenye nondo. Moshi ulikuwa umejaa pale. Na kwenye nondo kulikuwa na mikono. Mikono midogo mingi imetokeza nje, na vikohozi, na mmoja analia anamwita bibi yake, na katikati ya ile mikono nikauona mkono wenye uzi mwekundu niliomfunga mimi mwenyewe.

"Mama, madamu amefunga," Adventina akasema. Hakuwa analia. Alisema kama anayenipa taarifa.

Nikazunguka mlangoni. Kufuli. Si komeo lililosukumwa tu, kufuli, limefungwa kwa nje, na watoto wa miaka sita na saba wamo ndani na moshi unaingia.

Sitaandika nilichotamka pale, kuna watu wa kanisani watasoma. Nilipiga lile komeo kwa jembe la Mama Fideli, kwa pigo la tatu likang'oka na kipande cha ubao. Nikasukuma mlango. Haukwenda. Ule mlango unafunguka kwa ndani, na watoto wote walikuwa wamekimbilia mlangoni waliposikia ninapiga, wanausukuma kwa nguvu zao zote watoke, na kadiri walivyosukuma ndivyo walivyoufunga. Nikawaambia warudi nyuma. Nani anarudi nyuma? Nilikuwa nasukuma mimi kwa nje na wao wananirudisha, mtoto wangu na watoto wa wenzangu, nikafahamu jambo ambalo sikufundishwa sekondari wala kanisani, kwamba mlango unaofunguka kwa ndani, watoto wakiwa na hofu, si mlango tena, ni ukuta. Nikaingiza bega, nikapata nafasi ya mkono, nikamvuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ukalegea wakatoka wote kama maharage yaliyomwagika, wakanipitia juu, wakazunguka kona kuelekea uwanjani.

Hapo ndipo ningeacha. Mwenye akili angemchukua mwanawe akakaa chini akalia. Mimi nikaokota ndoo yangu nikawafuata.

Nilipotokea uwanjani niliona nusu pipa linawaka, na kando yake mwanamume nisiyemjua amevaa kizibao cha njano, ameinama, mkono mmoja ana kiberiti. Kiberiti, jamani. Sikuona kingine. Sikuona kwamba shule nzima kuanzia la pili mpaka la saba imepanga mistari iliyonyooka kabisa upande wa pili. Sikumwona Mwalimu Mkuu amevaa tai. Sikuona kitambaa kikubwa kimefungwa kwenye miti miwili kimeandikwa SIKU YA MAFUNZO YA KUJIKINGA NA MAJANGA. Niliona mtu na kiberiti, nikammwagia ndoo yote kuanzia kichwani. Tone halikuingia kwenye pipa.

Yule mgeni akajilamba mdomo, akanitazama.

"Hii ni juisi," akasema.

Shule nzima ikaangua kicheko. Mpaka walimu. Mpaka yule wa dini.

"Mama Adventina," Mwalimu Mkuu akasema taratibu, kama unavyoongea na ng'ombe aliyekata kamba, "hili ni zoezi."

"Zoezi la nini?"

"La moto."

"Na ule pale si moto?"

"Ule ni moto wa zoezi."

"Na kufuli la darasa la kwanza, nalo ni la zoezi?"

Akafungua mdomo kujibu, lakini hakupata nafasi, kwa sababu kijiji kilikuwa kinaingia. Wametokea pande zote, kwenye migomba, kwenye njia ya kisimani, wanahema, wamelowa jasho, wanaume kwa wanawake, na kwa kuwa induru haisemi kama ni moto au ni mwizi, kila mmoja alikuja na alichokuwa nacho. Mapanga, marungu, mundu, mmoja alikuja na mchi. Wakamkuta mtu mgeni amelowa amesimama katikati na mimi mbele yake nimefura kwa hasira. Kitu gani kingine wangefikiri? Wawili walishamkamata kizibao.

Ndipo ikabidi mimi, mimi niliyemlowesha, nisimame mbele yake nimetanua mikono, kitenge nimekiuma kwa meno, nikipiga kelele katikati ya hayo meno kwamba mwacheni, si mwizi, ni mwalimu wa moto, hakuna moto, mimi nimekosea. Ilibidi niseme mara nyingi, maana kila kundi jipya lilipofika lilianza upya. Hakuna moto. Nimekosea. Rudini. Nilikuwa naziona nyuso zinavyobadilika, kwanza hofu inatoka, halafu anacheka kidogo, halafu anakumbuka shamba aliloliacha, anatazama goti lililochubuka, na kile kicheko kinaondoka. Nimesemwa maneno mengi maishani, lakini zile nyuso sijazizoea mpaka leo.

Nyuki nao wakaja. Kiangazi hakuna maua, na yule mgeni alikuwa mtamu mwili mzima. Alimalizia mafunzo yake akiwa ndani ya ofisi dirisha limefungwa. Ni mtu muungwana lakini, nampa haki yake. Kabla hajaingia ndani aliwatazama wale watu waliokuja, akaniuliza kwa upole, "Mama, kati ya wote hawa, nani amekuja na maji?"

Nikatazama. Ndoo zilikuwa mbili. Moja ya kwangu.

Zile ndoo nyekundu za mchanga zilizotundikwa ukutani, kila moja imeandikwa MOTO kwa rangi nyeupe, nilikwenda kuzichungulia baadaye. Moja ilikuwa na mchanga nusu, nyingine ilikuwa na yai la kuku.

Mama Fideli alifika wa mwisho, anatembea, ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Alianguka pale kwenye mawe. Akamwona Fideli, akamkagua kichwa, mikono, miguu, akamgeuza, akamkagua tena, kisha akanitazama akauliza, "Moto uko wapi?" Nikamweleza. Alikaa chini palepale kwenye nyasi. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki ya mume wangu, nesi akasikiliza tumbo kwa muda mrefu kweli, mimi nimesimama ukutani nasali sala zote ninazozijua hata za wafu, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mkono ulikuwa umevunjika kifundoni.

Kikao kikaitwa Jumamosi, ofisi ya kijiji, watu mpaka nje. Nilikwenda na hasira zangu zote nimezifunga vizuri kama mzigo wa kuni. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipanga kumuuliza Mwalimu Mkuu zoezi gani linafanywa kijiji hakijui, na kufuli, na moshi kuelekezwa kwa wadogo, na nilikuwa na uhakika nitaondoka pale mshindi.

Mwenyekiti akasema, "Mwalimu Mkuu, wazazi mliwajulisha?"

Mwalimu Mkuu akainuka. Akafungua faili, akatoa kipande kidogo cha karatasi, akakisoma kwa sauti. "Mimi mzazi wa Adventina nimesoma na nimeelewa." Akakiinua juu watu waone sahihi yenye mkia.

Mume wangu akainama kutazama viatu vyake. Mama mkwe, ambaye Kiswahili hakipendi sana, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Ulisoma au hukusoma?"

"Sikusoma, mama."

"Sasa kwa nini uliandika umesoma?"

Nijibu nini? Mnisaidie nyinyi, ningejibu nini?

Halafu Mwalimu Mkuu akatoa vile vipande vitano vya madole. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Mwenyekiti akamwinulia Mama Fideli cha kwake, yeye mkono umefungwa kitambaa shingoni.

"Hili dole ni lako?"

"Ni langu."

"Na ulisomewa?"

Alinitazama. Angeweza kunitaja, na angeweza kudanganya kuniokoa, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Nilisomewa kwamba ni michango."

Watu walianza kucheka halafu wakaacha, kwa sababu walielewa. Kila mtu pale anajua nani anasoma karatasi za upande wetu.

Niliuliza habari ya kufuli lakini, nisingeondoka bila kuiuliza. Madamu wa darasa la kwanza akasimama, msichana mdogo tu, pengine nimemzidi miaka mitatu. Akasema aliogopa wadogo watakanyagwa na wakubwa wakati wa kukimbia, akaona ndani ndiko salama, akawafungia, na ufunguo ukabaki kwenye mkoba, na mkoba ukabaki ofisini, na ofisi ilifungwa na Mwalimu Mkuu kwa sababu walimu wote walikuwa uwanjani. Upepo haukuwa umevuma hivyo asubuhi, akasema. Kisha akalia. Nilitaka kumchukia, nilikuwa nimejiandaa kabisa, lakini nilikwama katikati. Yeye alifunga mlango akidhani anawalinda, mimi niliweka sahihi nikidhani nawahi maharage, na wote wawili tuliwaponza watoto walewale. Hasira sijaimaliza, siwadanganyi, nikiliona lile kufuli usingizini naamka. Ila sijui niielekeze kwa nani tena bila yenyewe kupitia kwangu kwanza.

Adhabu niliyopewa ni ya zamani: mtu aliyepiga induru bila janga anapita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi waliokimbia. Wiki nzima nilikuwa njiani. Shikamoo, nimekuja kuomba radhi, nilikukimbiza bure. Wengine walinicheka wakanipa kiti. Mzee mmoja aliniuliza kama safari hii nimekuja na juisi. Mwingine aliniambia ningejaribu na maziwa, pengine mgeni angekua. Nilivumilia, nilistahili.

Kwa Mama Fideli niliacha mwisho, ingawa ndiye wa karibu. Nilimkuta anachambua maharage kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ina vumbi, na kama nina muda nimsaidie kuchambua. Tukachambua. Nikamwomba radhi ya miguu, na ya mkono, na ya karatasi.

"Nimekusamehe," akasema. "Siku nyingine ukipiga induru nitakuja, mama Adventina. Siwezi kuacha kuja."

"Asante, dada."

"Lakini nitatembea."

Hakulisema kwa ubaya. Aliendelea kuokota vijiwe kwenye maharage. Nami nilikaa pale nikipiga hesabu kichwani, kutoka mlangoni kwake mpaka jikoni kwangu kwa kukimbia ni muda wa kuvuta pumzi chache, na kwa kutembea ni muda wa paa la nyasi kuanguka.

Mlango wa darasa la kwanza tuliugeuza. Mwalimu Mkuu aliniambia suala langu linafanyiwa kazi, nikamwambia nitakaa hapo ofisini kwake likiwa linafanyiwa, na nilikaa siku mbili na ufumaji wangu, ya tatu akatoa ruhusa. Mume wangu na baba Fideli walitoa bawaba wakazihamisha, sasa unafunguka kwa nje, na kufuli halipo, pana kijiti. Zile ndoo zimejazwa mchanga. Kijijini tumekubaliana kwamba induru ikisikika mchana wa jua kali, wanawake wanakuja na maji hata kama ni mwizi. Na nyumbani kwangu Adventina anajua atoke upande gani jiko likishika, tumefanya mara tatu, bibi yake akiwa anatuangalia kama vichaa.

Mimi nimeapa kwa jina la mama yangu kwamba sitaweka tena sahihi chini ya kitu ambacho sijakisoma mpaka nukta ya mwisho, hata kiwe kinaniomba mchango, hata maharage yaungue. Na mtu akiniletea karatasi namsomea yote, maneno yote, akipiga miayo naendelea.

Mama Fideli alijifungua salama, msichana. Wiki iliyopita alikuja na karatasi ya chanjo, akanipa, nikamsomea mara mbili, tarehe nikamwonyesha kwa kidole. Akanishukuru vizuri tu. Alipotoka niliendelea kufagia, nikamwona kupitia migomba hakukata kona ya kwake. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa mke wa katekista, ambaye naye husoma kidogo, akasimama mlangoni, akamnyooshea ileile karatasi. Sikumwita. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.